Pima godoro kabla hujamwita seremala: ya kuzingatia unapomtafutia mtoto kitanda cha bei nafuu

Kitanda cha kwanza cha binti yangu nilikiagiza kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, na aliyekosea ni mimi. Fundi aliniuliza, "Dada, godoro lako inchi ngapi?" Nikamjibu, "We tengeneza tu fundi, godoro nitanunua." Akakadiria la inchi 4, akaweka kizuizi safi ubavuni. Wiki iliyofuata nikaangukia godoro la inchi 8 kwa bei ya kutupa, nikalipandisha kwenye bajaji nikijiona mjanja. Kulitandika tu, kizuizi kikamezwa. Kilichobaki juu hakizidi vidole viwili. Usiku wa tatu mtoto akaporomoka, paji la uso likavimba kama ndimu.

Kwa hiyo anza na godoro. Magodoro hutoka kiwandani yakiwa yamekwisha kukatwa: futi 2.5 kwa 6, 3 kwa 6, 3.5 kwa 6 na kuendelea, unene inchi 4, 6, 8 au 10. Kiwanda hakikupunguzii hata inchi moja, lakini seremala atakata ubao pale utakapomwonyesha. Mtoto wa miaka 2 anatoshwa na inchi 4 hadi 6, mradi liwe gumu. Likandamize kwa ngumi, uachie. Likibaki na shimo, liache hapohapo dukani. Kizuizi nacho kisimame walau inchi 5 juu ya godoro, maana yake godoro la inchi 6 linataka kizuizi kinachofika inchi 11 kutoka kwenye chaga, zile mbao zinazobeba godoro. Mwandikie fundi namba hiyo kwenye karatasi. Na godoro likae limebana: kati yake na mfumbati, yaani ubao wa ubavuni, pasipite zaidi ya vidole viwili, kwa sababu mkono au mguu wa mtoto ukiteleza humo, kilio chake utakisikia nyumba ya tatu.

Ukubwa ni suala la chumba na mfuko. Futi 2.5 ndicho nafuu kuliko vyote, na godoro lake ndilo watoto wanalobeba kwenda bweni, hivyo hela haipotei. Mimi chumba kikiruhusu ningechukua 3.5, kwa kuwa siku mtoto ana homa utalala naye tu, hakuna namna. Vile vya umbo la gari vinapendeza kwenye picha, ila vingi vinadai godoro la kipimo chake peke yake na mtoto anavipita haraka. Dabo deka inafaa wakiwa wawili, lakini aliye chini ya miaka 6 asilale juu.

Usikimbilie kununua kwa sababu jirani kanunua. Dalili ni mtoto kuanza kuparamia kingo za kitanda chake cha uchanga. Wapo wanaofanya hivyo wakiwa na mwaka mmoja na nusu, wapo wanaotulia mpaka miaka 3. Kama kuna mdogo wake njiani, mhamishe mapema, asije akaona kafukuzwa.

Kwenye mbao ndiko watu hupigwa. Mninga na mkongo ni mali, lakini mtoto wa kilo 13 hahitaji mninga. Paini inatosha kabisa ikiwa kavu. Uinyanyue: ubao mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukija kukaukia chumbani kwako maungio yanaachia, kitanda kinaanza kulia kila mtoto akigeuka. Jihadhari na mabaki ya mbao za kupaulia, zile zenye ukijani kijani. Nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye aseniki, ambayo ni sumu. Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Juu ya paa haina shida na mtu, ila mtoto anayeota meno hutafuna kitanda kama muwa. Mwombe fundi uone mbao kabla hazijapakwa chochote, kwa sababu vanishi ya rangi ya kahawa huficha kila kitu.

Kuna na suala la rangi yenyewe. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za kung'aa kama njano na nyekundu, huwa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole bila dalili ya kukushtua. Nunua kopo mwenyewe lenye maandishi kuwa halina risasi, au mwambie apige msasa mpaka mkono upite bila kukwaruzwa, kisha vanishi nyepesi basi. Kikitoka kwa fundi kikae penye upepo mpaka harufu iishe.

Nafasi kati ya fito za kizuizi ipime kwa kopo la soda. Likipita, nafasi ni kubwa: mtoto anaweza kuteleza miguu na kiwiliwili, kichwa kikabaki. Mifumbati ifungwe kwa bolti badala ya misumari, kwani bolti ikilegea unaikaza, msumari ukilegea unachomoza. Matendegu yawe mafupi, lakini fagio lipite chini.

Ukiamua kununua kilichokwisha kutumika, nenda mchana na tochi. Angalia pembe na chini ya chaga: vidoti vyeusi ni kunguni, ungaunga mweupe sakafuni ni wadudu wanaokula mbao. Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, anza na tochi kabla ya kutoa pochi.

Kwenye bajeti usisahau chandarua, kava la godoro lenye zipu la kuzuia mkojo, na nauli ya kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Ile nailoni ya kiwandani ambayo wengi huiacha ili godoro lisichafuke, itoe siku hiyohiyo. Inamtoa mtoto jasho, na ikichanika inaweza kumziba pua. Kitanda kiwe mbali na dirisha na soketi, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Lipa nusu, nusu nyingine ibaki mpaka ukalie kitanda na kukitikisa wewe mwenyewe. Kile cha kwangu fundi aliniongezea ubao juu ya kizuizi kwa hela ya soda, akacheka kidogo. Pamoja na hivyo, mwezi mzima nilitandika mkeka na blanketi zito sakafuni upande wa nje. Binti alishukia pale mara mbili, akaendelea kulala.