Kioo cha LCD hakitoi mwanga: jionee kwa kalkuleta

TV ina sauti lakini haina picha, na fundi anakimbilia kubadilisha kioo. Hasara kubwa, na mara nyingi kioo hakina kosa. Kazi ya kioo cha LCD (skrini ya kioevu cha fuwele) ni kupitisha mwanga wa taa zilizo nyuma yake au kuuzuia tu. Ili ujionee, tafuta kalkuleta ya bei nafuu inayofanya kazi.

Hatua ya 1. Ondoa plastiki ya mbele. Kioo kiache palepale, kwani raba au utepe wa umeme ulio pembeni yake ukisogea tarakimu hukatika.

Hatua ya 2. Washa, jaza namba 8 mstari mzima. Kwa ncha ya wembe inua kona ya filamu ya kijivu iliyogandishwa juu ya kioo, uivute taratibu. Kioo ni chembamba mno. Kikipasuka na majimaji yakakugusa, nawa kwa sabuni. Filamu inapotoka, zile 8 zinapotea, ingawa umeme bado upo.

Hatua ya 3. Ishike filamu juu ya kioo: 8 zinarudi. Izungushe robo mzunguko: sasa sehemu inayozizunguka 8 inakuwa nyeusi na 8 zenyewe zinang'aa. Hapa ndipo penye siri yote. Filamu hiyo, polaraiza, hupitisha mawimbi ya mwanga yanayotikisika upande mmoja tu, na nyuma ya kioo kuna nyingine iliyokingama nayo. Katikati kuna kioevu cha fuwele, unene wa mikromita chache, chenye molekuli ndefu zilizojipanga kwa kujisokota nyuzi 90. Bila umeme, mwanga hufuata msokoto huo na kupenya polaraiza zote mbili. Ukipeleka volti chache, molekuli zinasimama, msokoto unafumuka, mwanga unakwama: hiyo ndiyo 8 nyeusi. Martin Schadt na Wolfgang Helfrich waliombea hataza mpangilio huu Uswisi mwaka 1970.

Ukipima kwa mita umeme unaoingia kwenye kioo cha kalkuleta, upande wa DC (umeme wa mkondo mmoja), utasoma karibu sifuri. Usishtuke. Umeme wake hugeuzwa-geuzwa makusudi, maana DC ya moja kwa moja huharibu kioevu.

Hatua ya 4. Rudi kwenye TV. Molekuli zake huenda zimelazwa kwa namna nyingine, ila kanuni ni ileile. Zima taa za chumbani, iwashe, kisha mulika tochi kali karibu kabisa na kioo, kwa mshazari. Ukiona vivuli vya picha vinatembea, kioo kinafanya kazi. Kagua taa za LED za nyuma na saketi inayozilisha. Chomoa waya ukutani kabla ya kufungua, na kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) za pawa saplai zipe muda zipoteze chaji.