Somo: Kuondoa vumbi la angani kwenye picha za rangi ya bahari, kuanzia Malindi

Ukipakua picha za setilaiti za pwani yetu kutafuta klorofili, utakutana na tarakimu za ajabu mbele ya mdomo wa mto Sabaki. Shika hili kwanza: katika mwanga unaofika kwenye kamera kule juu, takriban tisa ya kumi umetoka hewani. Bahari ni hicho kidogo kilichobaki. Ukikosea kidogo kwenye hewa, kwenye maji umekosea sana.

1. Fungua picha ghafi ya MODIS, kamera ya setilaiti za NASA, katika SeaDAS, programu ya bure ya NASA.

2. Ondoa mwanga unaotawanywa na molekuli za hewa. Programu huukokotoa yenyewe kwa pembe ya jua na kanieneo ya hewa.

3. Erosoli, yaani chembe zinazoelea hewani, na hapa ndipo penye kazi. Chumvi inayorushwa na kusi, vumbi linaloletwa na kaskazi, moshi: kila siku na chembe zake, hazikokotoleki mapema. Gordon na Wang (1994) walitumia ukweli kwamba maji ya kilindini humeza infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho unaopakana na mwekundu. Kwa hiyo kinachobaki kuonekana kwenye bendi (vipande vya mwanga kwa urefu wa wimbi) za nanomita 748 na 869 huhesabiwa kuwa ni erosoli. Uwiano wa bendi hizo mbili hudokeza aina ya chembe, programu ikachagua modeli, ikakadiria erosoli hadi kwenye bluu, ikaiondoa kwenye picha.

4. Sasa rudi Sabaki. Mvua ikishika bara, mto hutoka na rangi ya chai ya maziwa, na tope lile hurudisha infraredi. Programu inaamini maji ni meusi, basi tope inalihesabu kuwa vumbi la angani. Inatoa kupita kiasi, bluu inakuwa hasi. Mwezi mzima nilidhani faili zangu zimeharibika! Kwenye mipangilio ya SeaDAS weka aer_wave_short=1240 na aer_wave_long=2130, yaani atumie bendi za nanomita hizo kupima erosoli; huko hata maji ya tope huwa meusi.

5. Tupa pikseli zenye bendera (alama za onyo) za ATMFAIL, hesabu ya hewa imeshindwa, na HIGLINT, mng'ao mkali wa jua.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Niko Lamu. Mbona bahari ya mbali nayo imejaa chengachenga nikitumia 1240 na 2130?

— Marahaba. Bendi hizo za MODIS zina kelele nyingi. Zitumie penye tope tu. Kilindini rudi 748 na 869.

— Ustadh, msimu wa kaskazi bluu yangu ni hasi hata pasipo na tope.

— Vumbi la jangwani humeza bluu, na infraredi haiwezi kukuonyesha hilo. Tazama vipimo vya siku hiyo, kama vipo, vya kituo cha Malindi cha AERONET, mtandao wa vituo vya ardhini vinavyopima erosoli. Vumbi likiwa jingi, picha hiyo iache.

— Na OLCI, kamera ya setilaiti za Sentinel-3 za Ulaya, je?

— Bendi zake zinaishia nanomita 1020, hatua ya 4 haifanyiki hivyo. Kwa Sabaki ningeanza na MODIS, ingawa OLCI huona mita 300 na MODIS kilomita 1.