Kubadilisha hedifoni bila masikio kukudanganya, hatua kwa hatua

Kuna dogo mmoja prodyuza wa singeli kaja kwangu analalamika, kanunua hedifoni mpya Kariakoo anasema ni feki, sauti nyembamba, besi hamna, kesho anazirudisha. Nikamwambia kaa chini kwanza. Hedifoni zilikuwa nzima kabisa. Naandika hapa tulichofanya maana naulizwa hili swali kila mara, na mimi mwenyewe namiksi kwaya na biti za watu kwa hedifoni, nabadilisha badilisha kila wiki.

Kabla ya yote elewa hivi: sikio halipimi, linalinganisha. Kunywa soda halafu rukia chai yako ya kila siku, utasema leo wamesahau sukari. Dogo katoka kwenye hedifoni zilizojazwa besi kiwandani kaingia kwenye za studio, lazima aone pengo. Swali ni pengo lipi ni la hedifoni na lipi ni la masikio yake.

Hatua ya 1: zima madoido

Ikwalaiza ya simu (ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu), Dolby, kuongeza besi, kuzuia kelele, zote zima. Na tumia waya kama unao. Bluetooth ni nzuri kwenye daladala, kwa kazi hii inaleta tu maswali.

Hatua ya 2: masikio yapumzike

Ukitoka harusini ulikaa karibu na spika usifanye chochote, sauti za juu huzisikii vizuri hadi kesho yake. Shirika la Afya Duniani kikomo chao ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 3: vaa vizuri

Hapa ndo malalamiko mengi ya "besi hamna" yanapofia. Sponji isiposhika kichwa pande zote hewa inavuja na besi inaondoka nayo. Miwani inafanya hivyo, rasta zinafanya hivyo, hijabu pia, na dogo alikuwa kazivaa juu ya kofia ya kufuma! Cheza kitu chenye besi halafu kandamiza vikombe taratibu kwa viganja, besi ikiongezeka ghafla ujue palikuwa panavuja. Za kuingiza ndani ya sikio badilisha vile vimpira, watu wengi wanatumia vilivyokuja vimevalishwa tayari bila kujaribu saizi nyingine, na sikio la kulia na la kushoto yanaweza yasilingane.

Hatua ya 4: linganisha ukubwa wa sauti

Hii ndo hatua yenyewe, ukiiruka zilizobaki hazina maana. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walishaonyesha toka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza, ukiongeza inarudi. Kwa hiyo hedifoni inayopiga juu kidogo tu itaonekana ina besi zaidi, na ubaya ni kwamba tofauti ya desibeli 1 huisikii kama "kubwa", unaisikia kama "nzuri", "safi", "imejaa". Na hedifoni hazilingani hata kidogo. Sony MDR-7506 ina ohmu 63 (ukinzani wa umeme) na inapiga desibeli 106 kwa miliwati moja, Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohmu 250 inapiga 96, ukizichomeka sehemu moja bila kugusa kitufe cha sauti, tofauti inapita desibeli 10. Hapo unalinganisha nini sasa?

Kulinganisha kwa kusikiliza tu wimbo usijaribu, besi itakuvuta. Na mlio mmoja wa hezi 1000 nao hapana, hedifoni moja inaweza kuwa na kishimo hapohapo. Tumia pinki noizi, ule mvumo wa shhhh, lakini ukate chini ya hezi 500 na juu ya 2000 ili ubaki na sehemu ya kati ambayo hedifoni nyingi zinakaribiana. Mimi natumia Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, wewe tumia unachokijua.

Halafu chukua CD ya zamani, ile tundu ya katikati inakaa vizuri na maiki ya simu. Laza kikombe cha hedifoni juu ya CD sponji ishike pande zote, maiki ya simu upande wa pili kwenye tundu, fungua programu ya kupima desibeli, soma namba, iandike. Weka hedifoni ya pili, KIKOMBE KILEKILE, kama ulianza na kushoto basi kushoto, rekebisha hadi namba ilingane. Rekebisha kwa feda, kile kitelezo cha sauti, ndani ya programu ya mziki siyo vitufe vya simu, vile vinaruka hatua kubwa.

Tahadhari zake sasa. Namba ya simu usiiamini yenyewe kama yenyewe, tunachotaka ni tofauti tu, kwa hiyo simu ileile, mahali palepale. Pili, na hapa ndo watu wanapoteza mchana mzima, simu nyingi zinajirekebisha zenyewe kwenye maiki, sauti ikiwa kubwa zinaipunguza, unapima unaona hedifoni zote sawa unafurahi kumbe simu ndo imesawazisha. Ipime kwanza: pandisha feda desibeli 6, namba ipande 6. Ikipanda 2 au 3 tafuta programu nyingine. Tatu, zima feni. Nne, ukisogeza hata kidogo namba inabadilika, kwa hiyo inua, rudisha, pima tena, ikirudi palepale endelea. Ukifika ndani ya nusu desibeli inatosha. Ukimaliza bandika selotepu ya karatasi uandike kila hedifoni feda yake ilipo.

Za ndani ya sikio hazikai kwenye CD. Tumia noizi ileile, pandisha hadi ionekane kubwa kuliko nyingine, shusha hadi ionekane ndogo, kaa katikati.

Hatua ya 5: badilisha haraka

Kipande cha sekunde kumi, vua, vaa nyingine, kipande kilekile. Sikio halitunzi sauti muda mrefu, ukisikiliza wimbo mzima ushasahau. Anza na sauti ya mtu anaongea, halafu taarabu yenye ganuni na fidla. Singeli iwe mwisho, biti inayokimbia juu ya 200 kwa dakika inaficha kila kitu.

Hatua ya 6: kaa nazo

Ficha za zamani kabatini. Sikiliza mpya kawaida siku kadhaa bila kugusa ikwalaiza. Watakuambia hedifoni "inafunguka" ukiichezesha usiku kucha, mimi siamini, kinachobadilika ni ubongo wako na sponji zinazolainika. Pale Nijmegen, Uholanzi, mwaka 1998 watafiti waliweka watu vipande vya kubadilisha umbo la sikio, wakapoteza kujua sauti inatoka juu au chini, ndani ya wiki kadhaa wakajifunza upya, na vilipotolewa wakasikia kama zamani papo hapo. Hiyo ni ya mwelekeo siyo ya besi, lakini inaonyesha ubongo unaweza kushika aina mbili za masikio kwa pamoja, ya zamani na mapya.

Hatua ya 7: rudi

Toa za zamani, vaa. Dogo alivyozivaa alicheka, akasema mbona sauti imefunikwa na blanketi. Usihukumu hapohapo, nazo zipe dakika chache.

Sasa ndo ikwalaiza inaruhusiwa. Kama kwenye mpya "s" ya muimbaji bado inachoma baada ya yote hayo, hiyo ni ya hedifoni kweli, siyo ya masikio yako. Shusha desibeli 2 au 3 maeneo ya hezi 8000, kwenye kusikiliza tu, usije ukaiacha kwenye miksi unayomtumia mteja.