Kupokea Simu za Intaneti Kwenye Seva Yako ya Asterisk na Kuzijaribu

Kwenye seva ya Asterisk (programu ya kuendeshea simu), kupiga simu nje hufanikiwa mapema, ila kupokea huwasumbua wengi, kwa sababu simu inayoingia hupitia kwa mtoa huduma na kwenye ruta kabla ya kufika kwako, na inaweza kukwama popote bila seva yako kupata habari. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kununua namba kwa mtoa huduma wa SIP (utaratibu wa kuanzisha simu za intaneti) na ambaye seva yake iko nyuma ya ruta ya ofisi.

Anza na faili la pjsip.conf. Sehemu ya registration humwambia mtoa huduma akuletee simu wapi; ndani yake weka namba yako kwenye contact_user, maana ukiiacha tupu, simu kwa kawaida zitaingia zikiitafuta herufi s badala ya namba. Sehemu ya identify iwe na anwani za IP za mtoa huduma, ili seva imtambue anapobisha hodi. Kwenye endpoint (sehemu inayomwelezea mtoa huduma), andika context=kutoka-nje. Ndani ya muktadha (context) huo usiweke hata mstari mmoja unaoruhusu kupiga simu nje: nalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo wanaozunguka intaneti usiku na mchana wakitafuta seva zilizoachwa wazi, na gharama ya simu watakazopiga utailipa wewe.

Sasa, kabla ya kuelekeza simu kwa mtu yeyote, ielekeze kwenye mwangwi, yaani seva ikurudishie sauti yako mwenyewe. Katika extensions.conf andika:

[kutoka-nje]
exten => _255X.,1,Answer()
 same => n,Playback(demo-echotest)
 same => n,Echo()

Watoa huduma hawaleti namba kwa sura moja. Ikija na alama ya kujumlisha, mstari huo hautaikubali, na utahitaji mwingine unaoanza na _+255X. badala yake.

Ingia kwenye seva kwa asterisk -rvvv, andika core reload ili mafaili yote mawili yasomwe upya, kisha pjsip show registrations, na uhakikishe kuwa hali ni Registered. Washa pjsip set logger on, chukua simu ya mkononi, zima Wi-Fi yake, upige. Kupiga kutoka meza ya pili ofisini hakuthibitishi kitu, kwa kuwa simu hiyo haipiti kwenye ruta.

Soma skrini kwa utulivu. Usipoona neno INVITE (ujumbe wa kuanzisha simu), simu haijafika kabisa: kagua mlango (port) wa UDP 5060, zima SIP ALG kwenye ruta (kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP), na uweke qualify_frequency=60 kwenye aor (sehemu ya pjsip.conf yenye anwani ya mtoa huduma) ili njia isifungwe. Ukiona extension not found, linganisha namba iliyotajwa hapo na ile uliyoiandika, tarakimu kwa tarakimu.

Sauti ndiyo yenye mambo. Ukiyasikia maelezo yaliyorekodiwa lakini sauti yako mwenyewe hairudi, basi sauti inatoka na haiingii: ama milango ya UDP 10000 hadi 20000 imefungwa, ama seva inamtangazia mtoa huduma anwani ya ndani, kama 192.168.1.10, ambayo haifikiki kutoka nje. Simu ikikatika kila mara baada ya sekunde 32 hivi, chanzo mara nyingi ni hichohicho, kwani uthibitisho wa kupokelewa kwa simu unatumwa kwenye anwani hiyo na seva inachoka kuusubiri. Katika sehemu ya transport ya pjsip.conf, weka IP yako ya nje kwenye external_media_address na external_signaling_address, taja mtandao wa ndani kwenye local_net, kisha uiwashe Asterisk upya, kwa sababu mipangilio ya transport kwa kawaida haibadiliki kwa reload tu.

Mwangwi ukirudi safi, weka Dial(PJSIP/101,30) mahali pa Answer(), ambapo 101 ni namba ya simu ya ndani, ufute mistari ya Playback na Echo, na uruhusu mlango wa 5060 kwa anwani za mtoa huduma peke yake. Iache seva usiku kucha bila kuigusa, kisha upige tena alfajiri kabla ya mtu mwingine kuitumia, kwani njia iliyokuwa wazi jioni huenda ruta ikawa imeifunga.