Sabufa ya jirani ikikoroma kila ukishika maiki: fanya hivi

Mwongozo huu nauandika baada ya kumsaidia kijana mwenye leseni mpya ya redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio ya watu binafsi, si ya biashara), ambaye jirani alishachoka kumvumilia. Anarusha wati 100 kwenye megahezi 14, na kila akiongea sabufa ya jirani inakoroma. Redio yake tuliipima, haina kosa. Sabufa ndiyo inayonasa mawimbi yasiyoihusu, na inayanasa kwa nyaya zake. Lishike hilo kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 1: Piga hodi

Nenda mwenyewe, usisubiri uitwe kwa mjumbe. Acha namba ya simu, mpange muda wa kujaribu. Mtu akae sebuleni na simu sikioni, wewe urushe masafa moja baada ya jingine, kwa wati 100 kisha kwa 10. Andika kila kinachosikika.

Hatua ya 2: Safisha kwako

Tumia daipoli (antena ya nyaya mbili zinazolishwa katikati), na pale kebo inapoungana na antena weka balani ya mkondo ya 1:1, kifaa kinachozuia mkondo usipite juu ya ganda la kebo. Bila hiyo, ganda la nje la kebo nalo linarusha, mpaka ndani ya nyumba. Antena ikae juu na mbali na nyaya za umeme. Ushauri wa "ongeza ethi" (waya wa kwenda ardhini) siukubali kama dawa ya tatizo hili: kwenye megahezi 14, waya wa ethi wa mita 5 ni karibu robo ya wimbi, yaani umejiongezea antena. Ethi ya usalama iache ilivyo.

Hatua ya 3: Tafuta mawimbi yanapoingilia

Punguza sauti ya sabufa hadi sifuri, kisha rusha. Mkoromo ukibaki vilevile, mawimbi yanaingia baada ya kitufe cha sauti, mara nyingi kupitia nyaya za spika. Ukipungua pamoja na sauti, shuku waya unaotoka kwenye TV au king'amuzi.

Hatua ya 4: Funga feraiti

Hapa ndipo jioni nzima inapopotea. Mtu anafunga pete ya feraiti (kauri nyeusi yenye sumaku, waya huzungushwa kupita tundu lake ili mawimbi ya redio yazuiwe) kwenye waya wa spika, haoni badiliko, anaitoa. Anaihamishia kwenye waya wa TV, kimya hakiji, anaitoa tena. Mwisho anasema feraiti ni uongo. Ukweli ni kwamba nyaya zote zinanasa kwa wakati mmoja. Ukiziba mmoja, mingine inaendelea. Kwa hiyo ziba zote: spika, TV na umeme. Kukishatulia, ndipo utoe moja moja uone ipi ilikuwa ya lazima.

Nunua pete za aina ya 31 (aina ya mchanganyiko wa feraiti), zenye kipenyo cha nje cha milimita 61. Zile za njano na nyeupe zinazotolewa kwenye pawa saplai za kompyuta ni unga wa chuma, hazifai kazi hii. Vile vibanio vidogo vya kubana juu ya waya mimi sivitaki kwenye masafa haya: waya unapita mara moja tu, na nguvu ya kuzuia hukua takriban kwa mraba wa mizunguko. Mizunguko 5 inazuia kama mara 25 ya mmoja. Kila waya unapopita ndani ya tundu, hesabu moja. Kwa megahezi 7 na 14 nafunga 10 hadi 12. Kwa 28, 6 hadi 8 inatosha, kwa kuwa mizunguko ikizidi mawimbi huanza kurukia kutoka mmoja hadi mwingine.

Nyaya mbili za spika zipite pamoja, chanya na hasi. Muziki unakwenda kwa mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo pete haiugusi. Pete ikae jirani kabisa na sabufa, maana kipande cha waya kinachobaki katikati bado ni antena.

Waya wa umeme una shida yake: plagi ya pini tatu haipiti kwenye tundu. Usikate waya wa mwenyewe. Tengeneza ekstensheni fupi, zungusha waya wake wote kwenye pete, laini, nyutro na ethi pamoja, ndipo ufunge plagi na soketi. Sabufa ichomekwe hapo. Ndani ya sabufa usiguse.

Hatua ya 5: TV na taa

TV ya antena yenye busta: weka kichujio cha kupitisha masafa ya juu (ya TV) na kuzuia yako ya chini, kabla ya busta. Balbu ya LED inayopepesa ukirusha, badilisha kwa ya aina nyingine.

Hatua ya 6: Punguza wati

Wakati unasubiri pete zifike, shuka hadi wati 25. Anayekupokea atapoteza pointi moja tu ya S (kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa) kwenye mita yake, ila sabufa iliyokuwa inakoroma huenda ikanyamaza kabisa.