Faini ya maegesho kwa gari la kuazima wakati kibali kina namba ya gari lililo gereji: jinsi ya kuipinga

Gari lako liko gereji. Umeazima la shemeji na unaliegesha palepale unapoegesha siku zote, mbele ya duka au nyumba unayoilipia kibali cha mwezi. Siku mbili tatu baadaye unakuta deni. Kibali unacho, risiti ipo, ila kilichoandikwa juu yake ni namba ya gari lililo gereji.

Nina stesheneri katikati ya jiji la Mwanza, si mbali na Makoroboi. Kazi yangu ni kuchapa na kutoa nakala, lakini nusu ya siku huishia kwenye barua za watu: za mirathi, za kuomba likizo, za mashamba ya Sengerema, na hizi za maegesho. Nimeandika za maegesho nyingi kiasi cha kujua zipi hujibiwa na zipi hulala masijala. Naeleza ninavyofanya mwenyewe ili ukae uandike yako hata kama huna wa kukuandikia.

Kwanza uelewe deni limetoka wapi. Kijana anayezunguka na mashine hakujui wewe, anajua namba ya gari. Anaiingiza, mfumo unatafuta kama namba hiyo ina kibali, haina, bili inatoka. Ukilishika hilo hutapoteza karatasi kumlalamikia kijana. Barua yako inaieleza ofisi kitu ambacho mashine haikuweza kukiona: mwenye kibali ni yuleyule, nafasi ni ileile, na katika siku hizo gari moja tu ndilo lililoitumia nafasi hiyo. Kesi yako yote ni hayo mambo matatu.

Kwa hiyo kabla sijawasha kompyuta namuuliza mteja swali moja: siku hizo, gari lenye kibali lilikuwa wapi? Kama lilikuwa gereji, tunapinga. Kama lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa barabara na yote mawili yalikuwa mjini, hapo hatuna cha kupinga. Tunaweza kuomba kupunguziwa au kupewa muda wa kulipa, na hiyo ni barua nyingine kabisa. Ukizichanganya hizi mbili, ukasema "sistahili kulipa" halafu chini ukaandika "naomba huruma yenu", msomaji anaamini ile ya pili.

Hatua ya kwanza: toa taarifa, hata kama umechelewa

Siku unayopeleka gari gereji, iarifu ofisi iliyokupa kibali kabla hujaliegesha la kuazima. Piga simu ukitaka, lakini fuatisha na ujumbe wa maandishi kwa njia yoyote wanayoipokea, kwa sababu simu haiachi ushahidi. Ujumbe wenyewe ni mfupi:

"Mimi ni mwenye kibali namba fulani. Gari langu namba fulani limeingia gereji leo. Kuanzia leo hadi litakapotoka nitatumia gari namba fulani kwenye nafasi hiyohiyo. Naomba kibali kihamishiwe kwa muda."

Wengi wanaofika kwangu hawakufanya hivyo, na bili zimeshatoka. Basi tuma leo. Taarifa iliyochelewa haiwezi kufuta za nyuma, lakini inazuia za kesho, na ofisini wanaona kwamba ulipogundua tatizo ulilishughulikia.

Hatua ya pili: kusanya bili zote, siyo ile uliyoiona

Bili inafuata namba ya gari. Ukiazima Noah ya shemeji, deni linakaa kwa shemeji, na anaweza asijue mpaka siku anapotaka kuiuza na mnunuzi akaangalia madeni yake. Ingiza namba ya gari la kuazima kwenye mfumo wa kuangalia madeni, toa orodha nzima, kisha uandike kando kila bili: tarehe, saa, mahali, kiasi, na ile namba ya malipo yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Barua isiyo na kontroo namba humpa karani kazi ya kutafuta, na barua za kutafutiwa huwekwa pembeni.

Soma namba ya gari kwenye kila bili, herufi kwa herufi. Tarakimu moja ikikosewa kwenye mashine, 3 ikawa 8, deni la mtu mwingine linakuangukia wewe. Ukikuta bili ya namna hiyo iandikie barua yake peke yake.

Angalia pia siku ya mwisho ya kulipa. Ninavyoshauri ni kupeleka pingamizi kabla ya siku hiyo na kutolipa kwanza, kwa maana kudai fedha iliyokwishaingia serikalini ni safari ndefu kuliko kufuta bili. Ila kama siku ya mwisho ni kesho na kuchelewa kunaongeza adhabu usiyoimudu, lipa, na kwenye barua uandike wazi kwamba umelipa kuepuka adhabu huku ukiendelea kupinga.

Hatua ya tatu: karatasi ya fundi

Barua nyingi zinakufa hapa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja anayeuza vitenge. IST yake iligongwa ubavuni akitokea Buhongwa, ikapelekwa kwa fundi Mkuyuni, naye akaazimwa Noah na shemeji yake. Alikuwa na bili nne. Nikamwomba uthibitisho wa gereji. Akafungua pochi akatoa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kina alama ya dole gumba ya oili, kimeandikwa: "Nimepokea laki mbili ya mlango na rangi." Basi. Hakuna tarehe, hakuna namba ya gari, hakuna jina la fundi. Karatasi ile ilikuwa ya kweli kabisa na isingemsaidia chochote, kwani ingeweza kuwa ya gari lolote na mwaka wowote.

Nikamrudisha Mkuyuni na karatasi nyeupe. Fundi hana mhuri, na si lazima awe nao. Nilichotaka aandike kwa mkono wake ni jina lake na namba yake ya simu, mahali gereji ilipo, namba ya gari, siku lilipoingia, kilichotengenezwa, siku lilipotoka, kisha sahihi. Yule fundi aliandika vizuri kuliko makampuni mengine: "Iliingia tarehe 4 Machi jioni, haikuwa inafunga mlango wa kushoto. Imetoka tarehe 12 Machi saa tano asubuhi." Ukimwomba fundi jambo hili siku unayolipa hakatai. Ukisubiri miezi miwili, kijana aliyelipokea gari amehamia Geita.

Kama ulilipa kwa simu, ule ujumbe wa muamala una tarehe na jina la aliyelipwa. Piga picha ya skrini uchapishe. Na kama ulipiga picha gari likiwa gereji, usiitume stesheneri kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu ikipita huko inapoteza ile taarifa ya ndani inayoonyesha siku na saa ilipopigwa. Itume kama faili, au njoo na simu yenyewe.

Sasa panga tarehe. Bili za yule mama zilikuwa za tarehe 6, 7, 9 na 13 Machi. Tatu za kwanza zinaangukia ndani ya siku za gereji. Ya tarehe 13 iko nje: IST ilikuwa imeshatoka, shemeji hajaichukua Noah, na mama alikiri kwamba siku ile yote mawili yalikuwa pale mtaani. Alitaka tuiingize tu na hizo nyingine. Nilikataa. Karani akiikuta hiyo moja, ataanza kuzitilia shaka zote nne. Tuliilipa ile ya tarehe 13 kabla ya kupeleka barua, risiti yake tukaiambatisha, na ndani ya barua tukasema kwa nini tumeilipa.

Hatua ya nne: viambatisho vingine

Nakala ya kibali na risiti ya malipo ya mwezi husika. Nakala ya kadi za magari yote mawili. Kitambulisho chako. Barua fupi ya mwenye gari la kuazima, mistari minne tu, kwamba alikuazima kuanzia siku fulani hadi siku fulani na amekuruhusu kufuatilia bili hizo. Bila hiyo ofisi inaweza kukuuliza gari la mtu wewe unalipigania kama nani. Kama kibali ni cha mkazi, ongeza barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha makazi yako. Kiapo cha wakili sijaona kikihitajika kwa madai ya kiasi hiki, usiingie gharama hiyo.

Kila kiambatisho kipe namba kwa kalamu kwenye kona ya juu, na namba hizo uzitaje ndani ya barua.

Hatua ya tano: barua

Iandike kwa Kiswahili. Bado wapo wanaoniambia "weka Kiingereza ishike uzito". Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, sembuse barua ya maegesho. Ukurasa mmoja unatosha. Anwani yako na tarehe juu kulia, cheo na anwani ya mkuu wa ofisi kushoto, halafu:

"YAH: PINGAMIZI LA BILI TATU ZA MAEGESHO ZA TAREHE 6, 7 NA 9 MACHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye kibali cha kuegesha namba (…), kilicholipiwa kwa mwezi Machi (kiambatisho 1). Kibali hicho kina namba ya gari langu (…). Kuanzia tarehe 4 hadi 12 Machi gari hilo lilikuwa gereji (kiambatisho 2). Katika siku hizo nilitumia gari namba (…) nililoazimwa na mmiliki wake (kiambatisho 3), nikaliegesha kwenye nafasi ileile ya kibali changu. Gari lenye kibali halikutumia nafasi hiyo wala nyingine.

Bili tatu zilizotolewa siku hizo ni hizi: (tarehe, kontroo namba, kiasi).

Bili ya tarehe 13 Machi siipingi. Gari langu lilikuwa limeshatoka gereji, nimeilipa (kiambatisho 4).

Naomba bili hizo tatu zifutwe, na nijibiwe kwa maandishi."

Malizia na "Wako katika ujenzi wa taifa", sahihi, jina, simu. Usimwite mtu mwizi. Usieleze kodi ya nyumba na ada za watoto, ingawa najua zinauma. Anayesoma anatafuta tarehe.

Hatua ya sita: masijala

Chapa nakala mbili na uzipeleke zote mbili kwa mkono. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila mhuri huo. Ukiambiwa "iache tu hapo mama, tutaipeleka", omba kwa upole wakugongee, au wakuandikie jina na tarehe ya aliyeipokea. Nimeshaona mtu mwenye haki zake zote akiambiwa wiki sita baadaye kwamba barua haikufika, na hana cha kuonyesha. Hasira niliyoipata siku ile ndiyo inayonifanya nilirudie jambo hili kwa kila anayeingia dukani.

Baada ya wiki mbili nenda ukaulize, ukiwa na nakala yako. Uliza faili liko kwa nani. Andika jina la cheo na siku kwenye mgongo wa nakala.

Wakikataa, au wakinyamaza

Andika barua ya pili kwa ngazi ya juu ya ofisi hiyohiyo, ukiambatisha ya kwanza yenye mhuri. Katika hii ya pili ndipo ninapotaja Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(a), inayompa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa pale mahakama au chombo kingine kinapoamua juu ya haki zake. Kwenye barua ya kwanza siitaji. Ni kama kuja na wakili kwenye mazungumzo ambayo bado yangeisha kwa chai. Kuna pia mfumo wa serikali wa e-Mrejesho wa kupokea malalamiko kuhusu taasisi za umma. Ukigota kabisa, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma kwa asiye na uwezo ni bure.

Yule mama alijibiwa wiki ya tatu: bili tatu zimefutwa. Alikuja na barua huku anacheka, nami nikamwambia asiende bado. Tuliingiza namba ya Noah kwenye mfumo, na moja kati ya zile tatu ilikuwa bado inadai. Barua ilikuwa imesainiwa lakini bado kuna mtu hajaifuta ile ya tarehe 9. Alirudi na nakala ya jibu, ikafutwa palepale dirishani. Kwa hiyo ukijibiwa, angalia tena namba ya gari baada ya siku chache mpaka isome sifuri, upige picha ya skrini, umtumie mwenye gari. Kisha tuma ujumbe mmoja wa mwisho ofisini: gari langu limetoka gereji, naomba kibali kirudi kwenye namba yake.