Kompyuta ya Sebuleni Itoe Sauti kwa Tundu Lipi?

Hapa Kisumu, kompyuta nyingi ninazoitwa kuunganisha na runinga ni zile ndogo za ofisi, za ex-UK. Zinamudu filamu vizuri na bei yake haiumizi, ila nyuma zimejaa matundu, na mwenye nyumba huishia kuchomeka waya kwenye tundu la mbele la kusikilizia kwa kuwa ndilo analoliona. Hilo ndilo baya kuliko yote. Waya wake wa ndani hupita karibu na vikorokoro vya umeme, na huokota kelele njiani kabla hata sauti haijatoka nje.

Sauti hukaa kwenye faili kama tarakimu, na lazima mahali fulani igeuzwe kuwa umeme wa kusukuma spika. Nataka igeuzwe mara moja tu, na igeuzwe na chombo kilicho bora kati ya ulivyo navyo. Hatua zote hapa chini zinafuata hilo.

Hatua ya 1: Anza na kinachopokea

Usinunue waya wowote bado. Geuza ampli, wufa au saundibaa yako uangalie mgongoni. Ukikuta matundu mekundu na meupe peke yake, una wufa ya kawaida. Ukikuta kitundu cha mraba chenye kifuniko kidogo, hicho ni cha optiko, yaani waya unaobeba sauti kwa mwanga. Na ukikuta HDMI kadhaa zilizopangwa safu, una risiva kamili, yaani ampli inayopokea picha na sauti na kuendesha spika zote, na kazi yako imekuwa rahisi.

Hatua ya 2: Sasa kagua kompyuta

VGA, ile ya buluu yenye pini 15, haibebi sauti hata kidogo. Kuna watu wamebadilisha waya mara kadhaa wakidhani ni mbovu. Kompyuta nyingi za ofisi hazina HDMI ila zina DisplayPort, na hiyo hubeba picha na sauti pamoja. Tazama pembeni mwa tundu: ukiona herufi D na alama mbili za kujumlisha, kiunganishi kidogo cha bei ya chini cha kwenda HDMI kitakutosha.

Hatua ya 3: Kama una wufa ya kawaida

Tumia tundu la kijani la nyuma ya kompyuta, na waya wa pini ndogo upande mmoja, nyekundu na nyeupe upande wa pili. Pandisha sauti ya kompyuta karibu na mwisho, halafu punguza na ongeza kwa kitufe cha wufa. Ukifanya kinyume, wufa itakuza mnong'ono pamoja na kelele zake. Sauti ikianza kukwaruza, shusha kidogo upande wa kompyuta.

Ukiwa na hela kidogo za ziada, nunua kadi ya sauti ya USB. Kazi ya kugeuza tarakimu itafanyika nje ya kasha la kompyuta, mbali na feni na pawa saplai. Weka wimbo wa benga usikilize gitaa la juu. Hapo ndipo tofauti hujitokeza.

Hatua ya 4: Kama una risiva, HDMI ndiyo jibu

Kompyuta iende kwa risiva, risiva iende kwa runinga. HDMI hubeba chaneli 8 za sauti isiyobanwa, na tangu toleo la 1.3 la mwaka 2006 inapitisha pia Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio. Optiko haiwezi hayo. Yenyewe huishia kwenye chaneli 2 zisizobanwa, au 5.1 (spika tano na moja ya besi) iliyobanwa ya Dolby Digital au DTS.

Tatizo huja pale risiva ikiwa ya zamani na runinga ni ya 4K. HDMI 1.4 hupitisha 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, na hata kishale cha maus utakiona kikiburuzika. Kama kompyuta ina matundu mawili ya picha, peleka moja kwa runinga na la pili kwa risiva kwa ajili ya sauti peke yake. Kompyuta itadhani ina skrini mbili. Iache idhani hivyo.

Njia nyingine ni kupitishia runinga halafu urudishe sauti kwenye ampli au saundibaa kwa ARC, njia ya kurudisha sauti kwa waya wa HDMI, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. ARC ina mipaka inayokaribiana na ya optiko. eARC ya HDMI 2.1 ndiyo iliyoondoa mipaka hiyo, ila lazima runinga na saundibaa zote ziwe nayo. Jihadhari pia: runinga nyingi hupokea 5.1 kwa HDMI na kuitoa kwa optiko ikiwa stereo. Unakaa na spika tano, tatu zimelala.

Hatua ya 5: Mipangilio

Hapa ndipo wengi hukwama, nyaya zote zikiwa sawa. Nitaeleza kwa Kodi, programu ya kuchezea filamu, maana ndiyo ninayoikuta sebule nyingi. Fungua mipangilio ya mfumo, kisha sehemu ya sauti. Kwanza bonyeza alama ya gia pale chini kushoto mpaka iandike Expert, la sivyo nusu ya chaguo zimefichwa.

Ukitumia HDMI kwa risiva, chagua idadi ya spika ulizo nazo, ruhusu Passthrough ili kompyuta ipitishe sauti bila kuifungua, kisha washa tu aina ambazo risiva yako imeandikwa usoni.

Ukitumia optiko, weka chaneli 2.0 hata kama una spika sita. Najua inaonekana kichekesho, lakini namba hiyo inahusu sauti isiyobanwa, na optiko haibebi zaidi ya chaneli mbili za aina hiyo. Ruhusu Passthrough, kisha washa pia chaguo la kugeuza sauti kuwa AC3, yaani Dolby Digital. Bila hilo, filamu yenye 5.1 ya AAC (aina nyingine ya kubana sauti, ambayo optiko haiipitishi) itatoka stereo.

Wenye wufa ya kawaida wanaotoa sauti kwa optiko ya runinga kupitia kile kijisanduku cha kubadilisha optiko kuwa nyekundu na nyeupe, wekeni runinga kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa. Vijisanduku vingi vya bei nafuu havielewi Dolby. Mtasikia kimya au mkwaruzo.

Jaribu kila spika. Kwenye Linux andika `speaker-test -c 6 -t wav`, na sauti itataja spika moja moja. Kama badala ya HDMI au optiko umetumia nyaya za matundu ya rangi ya nyuma ya kompyuta, na maneno yanatokea kwenye spika ya besi, basi spika ya kati na ya besi zimebadilishana kwenye waya wa rangi ya machungwa. Zibadilishe tu.

Hatua ya 6: Mvumo na radi

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa waya wa antena au dishi kwenye runinga. Mvumo ukinyamaza, eathi mbili zinagombana. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja; mvumo ukiendelea, hamia optiko, kwa sababu hiyo hubeba mwanga na wala si umeme. Usikate pini ya eathi ya plagi. Nimewaona mafundi wakifanya hivyo na kuitwa hodari, ilhali kasha la ampli linaweza kumrusha mtoto anayeligusa.

Optiko ina faida nyingine kwetu huku ambako mvua ya ziwa huja na radi karibu kila msimu: umeme ulioingilia dishini hauwezi kuivuka kwenda kwenye ampli. Utavuka kwa njia ya stima, kwa hiyo mawingu yakifunga, chomoa plagi za ukutani na waya wa dishi pia.